Nje ya Pazia la Kanga

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilianza siku moja. Stara, mke wa Gaudence fundi mageti wa Kizota, akajikuta anafunga mfungo ambao mtaa mzima ulishindwa kujua ni wa nani. Waislamu waliomwona hali wala hanywi mchana walimpa pole ya swaumu, wakidhani amerudi nyumbani. Wakristo walioona majivu kwenye paji la uso wake walimpa hongera, wakidhani ameshafika. Yeye aliwaitikia wote, "Asante," akaendelea na shughuli zake. Tangu aanze mafundisho ya ubatizo alikuwa ameacha kujieleza, maana kila alipojaribu, maneno yalitoka mepesi kuliko jambo lenyewe.

Mafundisho yalifanyika Jumamosi alasiri kwenye kigango, katika darasa la chekechea. Wakatekumeni watu wazima walikuwa wachache, kwa hiyo Katekista Ulimboka aliwachanganya na watoto wa Komunyo ya kwanza. Stara, mwanamke mwenye mvi na binti, Edina, aliye chuo kikuu, alikaa kwenye kiti cha plastiki kifupi, magoti yakimkaribia kifuani, kanga imefungwa vizuri isije ikamwaibisha.

"Mama Edina, simama utusomee Nasadiki. Bila kitabu."

Alisimama. Alianza vizuri. Alipofika pale Bwana anaposhukia kuzimu, ulimi ukakwama. Alijua kinachofuata, alikuwa amekirudia jikoni wiki nzima, lakini alipotafuta hakuona kitu. Mtoto wa kike aliyekaa mbele yake akageuka, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika darasa zima. Watoto wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watoto wanavyomcheka mtu mzima aliyeteleza kwenye tope. Stara aliyapokea yale maneno kutoka kwa mtoto, akamaliza, akakaa.

Darasa lilipotawanyika, Katekista alimwomba abaki kidogo. Alikuwa mzee mrefu wa Tukuyu, mstaafu wa reli, mtu wa kupanga maneno kabla ya kuyatoa.

"Mama Edina, Padre amepitia majina ya watakaobatizwa Pasaka. La kwako amelisimamisha."

"Ni kwa sababu ya Nasadiki?"

"Hapana. Nasadiki utaijua tu. Ni ndoa." Alivuta kiti kimojawapo cha watoto, akakiangalia, akaamua kubaki wima. "Mzee Gaudence amebatizwa Mkatoliki. Nyinyi mlioana bomani. Serikali inawatambua, na mimi nawatambua, lakini mbele ya Kanisa ndoa hiyo bado. Sharti aje aonane na Padre, aungame, ndoa ibarikiwe. Bila hivyo hutabatizwa mwaka huu."

"Ameshasema haji, mwalimu."

"Mwambie tena."

"Nimemwambia."

"Basi mwambie ukiwa umempikia," alisema Katekista. Ulikuwa mzaha, na Stara aliuelewa. Akajaribu kutabasamu, uso ukakataa.

Nje alimkuta Dorothea akimngoja kivulini mwa ukuta. Dorothea, karani wa wizara aliyehamia Dodoma pamoja na serikali, ndiye aliyekubali kuwa msimamizi wake wa ubatizo. Ndiye pia aliyekuwa mwanzo wa yote, bila kukusudia. Jirani yao mmoja alipokuwa anakata roho, jumuiya ya kanisa ilikwenda kusali naye, na Dorothea akamwomba Stara aje amshikie beseni la maji ya kumpangusa mgonjwa. Sala ilikwisha, watu wakaondoka, Stara akabaki ameketi na beseni lake. Alipoulizwa baadaye ilikuwaje, alisema, "Sikutaka kuondoka." Hadi leo hakuwa na jibu refu kuliko hilo.

"Amekwambia nini?" Dorothea aliuliza.

"Gaudence."

Dorothea alishusha pumzi. "Wanaume wetu hawa. Tuliozaliwa humo ndio wagumu kuliko mliobisha hodi."

*

Gaudence alikula ugali wake mpaka alipoufikia mlenda wa mwisho bakulini. Mikono yake ilikuwa na madoa ya cheche za kuchomelea, na macho mekundu kama ya mtu aliyelia, ingawa hakuwa mtu wa kulia.

"Padre bado anakuhitaji," Stara alisema.

"Alinihitaji lini? Nimekaa mjini hapa tangu Kizota haijawa na umeme, hakuna padre aliyekuja karakana."

"Ni habari ileile ya ndoa."

"Ndoa ninayo. Cheti kipo kwenye sanduku." Alinawa. "Mama Edina, mimi sikukutuma ubatizwe. Ulipokuja kwangu na dini yako sikukugusa. Ukaswali humu ndani, nikakuwekea maji ya udhu. Ukaacha kuswali, sikuuliza. Umeanza kwenda kwa Ulimboka, sikuuliza. Sasa mimi nikapige magoti mbele ya kijana aliyezaliwa nikiwa tayari nashika nyundo, anihoji kama mwizi wa kuku? Nimwambie nini? Kwamba mara ya mwisho kukomunika Edina alikuwa hajazaliwa?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Siendi."

Hakupandisha sauti. Ndivyo alivyokuwa, hata geti lililokataa kukaa kwenye bawaba alilisema kwa upole. Stara akaondoa vyombo. Alijaribu kutafuta hasira ndani yake, akakuta mahali pake pamekaa kitu kama mguu uliokufa ganzi, uzito tu, bila maumivu. Akasali Baba Yetu akiosha sufuria, kwa kuwa ndiyo sala aliyokuwa na uhakika nayo.

*

Simu ya Hamidi ilikuja asubuhi ya siku ya pili yake, Stara akifagia uwanja. Hamidi alikuwa kaka yake, mwenye duka la mahitaji kule Busi, Kondoa, alikobaki na mama yao.

"Stara."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama ametangulia. Alikula daku na sisi, akaswali, akasema anajinyoosha. Ndiyo hivyo."

"Mnazika saa ngapi?"

"Baada ya alasiri. Ukiwahi, vizuri. Usipowahi, hatutamchelewesha."

"Nimesikia."

Aliiweka simu kwenye mfuko wa gauni, akamalizia kufagia kile kipande kilichobaki mpaka kwenye mlango wa choo. Akazoa taka. Akaenda kumwambia mumewe, aliyekuwa akipiga mswaki bombani, "Mama amefariki," kwa sauti ya mtu anayesema mkaa umekwisha. Gaudence akabaki na povu mdomoni, akimtazama.

Alikwenda karakana kuomba kirikuu, kigari cha mizigo cha tajiri yake, akakipata. Wakampitia Edina huko Chimwaga, kwenye njia ya kuingilia chuo. Binti alikuwa amevaa suruali na amebeba mtandio mkononi, hajui auvae sasa au baadaye. Stara akamvisha kanga juu ya suruali, akamfunga mtandio, akaukaza kidevuni kama alivyokuwa akimfunga kofia utotoni.

"Mama, pole," Edina alisema.

"Asante. Panda."

Barabara ya Kondoa ilikuwa nyeusi kwa mvua ya jana. Mashamba ya uwele na mtama yalikuwa mabichi pande zote, watu wameinama humo wakipalilia, na Stara aliyaangalia akifikiri kwamba mama yake naye alikuwa amepanda, na sasa nani atapalilia.

"Ukifika usianze habari za kanisa," Gaudence alisema.

"Nimewahi kuzianza lini?"

"Nasema tu. Leo ni siku ya mama yako."

*

Nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa nje kwenye mikeka na viti vya msikitini, wanawake ndani na uani. Ilikuwa mwezi wa mfungo, hakukuwa na chungu jikoni wala moshi, na msiba usio na moshi ulionekana kama haujaanza. Nyuma ya nyumba walikuwa wamezungusha kanga juu ya kamba, zimeshikizwa na vibanio vya nguo, na chini wamechimba mfereji mdogo wa kupitisha maji. Kitanda cha kamba kilikuwa tayari humo ndani.

Stara alisalimia mpaka koo likakauka. Walimpokea, wakamkumbatia, wakalia juu ya bega lake. Yeye hakulia. Aliona wanawake wawili wakitazamana.

Mama mdogo Naima akamshika mkono, akamwongoza nyuma ya banda la kuku. Alikuwa mdogo wa marehemu, mwoshaji wa maiti za wanawake kijiji kizima, mwembamba, mikono mikavu yenye harufu ya kafuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisikilize, hatuna muda. Mama yako aliniambia."

Stara akaangalia nyuma kama kuna anayesikia.

"Ulipokuja kumwambia mwenyewe, siku ileile alinifuata nyumbani akaniambia. Sikumwambia mtu. Hamidi nadhani ana lake analolisikia, lakini si kutoka kwangu. Sasa nakuuliza kwa sababu nimeshika kazi hii na nitaulizwa. Umeshamwagiwa hayo maji?"

"Bado, mama. Ni Pasaka. Na hata hiyo Pasaka sina hakika, kuna jambo limekwama."

Uso wa mama mdogo ukalegea. "Basi bado."

"Bado."

"Kama bado, bado ni wa kwetu. Wewe ndiye binti yake pekee. Mwenye haki ya kumwosha mama ni bintiye." Akamsogelea. "Vua viatu, katawadhe, useme shahada hapa mbele yangu, tuingie. Sina swali la pili. Yatakayofuata huko Dodoma ni kati yako na Mola wako."

Ilikuwa ruhusa, na ilitolewa kwa upendo. Stara aliiona hivyo. Maneno yenyewe alikuwa nayo, yalikuwa ya kwanza kabisa kuwekwa kinywani mwake. Nasadiki ilimkwama mbele ya watoto. Haya yasingekwama hata akiamshwa usingizini. Ulimi ulikuwa umeshayapanga. Kilichotakiwa ni pumzi tu.

"Niruhusu nikaongee na baba Edina," alisema.

"Haraka."

Gaudence alikuwa amesimama kando ya kirikuu, peke yake, hajui akae wapi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu bila kufikiri.

"Sema."

"Nikisema nitakuwa nimesema."

"Ni maneno, Mama Edina. Mama ni mmoja. Padre mwenyewe amekukwamisha, hujui kama utabatizwa mwaka huu au mwakani. Utabaki huna huku wala kule, na mama yako ameoshwa na watu wengine. Sema, uingie, umwoshe. Mungu gani atakulaumu?"

"Kwako ni maneno," Stara alisema.

Hakukusudia kumchoma. Alisema tu jinsi alivyoliona. Lakini Gaudence alifumba mdomo, akageuka upande wa shamba.

Alirudi nyuma ya banda la kuku akitegemea kwamba miguu yake itaamua, maana kichwa kilikuwa kimelala. Mama mdogo alikuwa akikunja mikono ya gauni.

"Haya."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Kuitamka naweza. Lakini itakuwa namdanganya. Haya maneno yeye aliyaamini, na wewe unayaamini. Nikiyatamka ili nipite mlangoni, nitakuwa nimeingia kwake na uongo mkononi. Sitaki kumgusa hivyo."

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa. Stara alingoja tusi, au kofi. Angelipokea.

"Anayemwosha Mwislamu ni Mwislamu," mama mdogo alisema mwishowe, taratibu, kama anayemkumbusha mtoto. "Hilo sikulitunga mimi."

"Najua."

"Basi huingii."

"Naomba nichote maji."

Mama mdogo alifikiri. "Maji huletwa na yeyote," alisema, akaondoka.

*

Alichota. Bomba lilikuwa kwa jirani, na Stara alikwenda na kurudi na ndoo kichwani, kanga ikilowa mabegani. Alipofika kwenye pazia hakuingia; aliinua pindo, akasukuma ndoo ndani, na mikono ikaipokea. Aliijua baadhi ya mikono hiyo. Mmoja ulikuwa wa binamu yake, mwenye kovu la moto. Mikono ilichukua ndoo iliyojaa na kurudisha tupu, na hakuna aliyesema naye. Ndani ilisikika sauti ya mama mdogo ikielekeza kwa upole, upande wa kulia kwanza, pole pole, mwinue kichwa.

Habari ilikuwa imeshazunguka. Alipopita, mazungumzo yalikatika na kuanza tena nyuma yake. Edina, aliyekaa kwenye mkeka wa mwisho pamoja na walimu wa shule ya jirani, alitaka kunyanyuka amsaidie, mama yake akamzuia kwa jicho.

Ndoo ya mwisho ilipopokewa, hakujua aende wapi. Alisimama palepale nje ya pazia. Maji yakaanza kutoka chini ya kanga kwa ule mfereji, meupe kidogo kwa kafuri, yakiwa na vipande vya majani ya mkunazi. Mfereji ulikuwa mfupi, haukuchimbwa vizuri, maji yakafurika ukingoni, yakamfikia miguuni. Yalikuwa na uvuguvugu wa jua. Stara aliyatazama yakipita katikati ya vidole vyake.

"Dada, sogea," mwanamke mmoja alimwambia. "Unakanyaga maji ya maiti."

Akasogea.

Walipomtoa mama, ameshavikwa sanda na kufunikwa, ndugu waliruhusiwa kumuaga. Stara aliingojea zamu yake nyuma ya wote. Uso ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. Aliinama, akasita, hakujua kama anaruhusiwa kugusa, na hakuna aliyemwambia ndiyo wala hapana. Akasema tu, "Mama," akasogea kumpisha wa nyuma.

Wanaume walimbeba. Gaudence alikwenda nao mpaka mwisho wa mashamba, akabaki nyuma ya safu walipomswalia, mikono ameifumbata tumboni kama aliyebanwa na baridi. Waliporudi, Stara alimfuata Hamidi pembeni ya duka lake na kumpa rambirambi aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Ya sanda," alisema.

"Sanda imeshanunuliwa."

"Basi ya chochote."

"Weka, Stara. Una safari ya kurudi." Hamidi hakuwa amekasirika. Macho yake yalikuwa kwenye kufuli ya duka. "Mimi sijui nikupokelee kama nani."

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, futari ikaletwa kutoka nyumba za jirani. Stara naye alikuwa hajaonja kitu tangu jana. Wanawake walizunguka masinia yao, na mmoja wao, kwa adabu zote, akaja na sinia dogo la uji, magimbi na tende, akaliweka mbele yake na Edina, mbali na wengine.

"La wageni," alisema. "Karibuni."

"Tumekaribia," Stara alijibu. Akamsogezea Edina tende. Yeye mwenyewe alikunywa uji kidogo, ukapita kooni kama maji ya kusukutua.

Walilala pale. Alfajiri, wakati Gaudence anakagua tairi, mama mdogo Naima alikuja mpaka kwenye gari.

"Ungesema, ningekuingiza," alisema. "Ningejua si kweli, na ningekuingiza."

"Najua, mama."

"Usiku nimefikiri nikukasirikie. Nimeshindwa kujua nianzie wapi."

"Aliacha neno lolote kwangu?"

Mama mdogo alitikisa kichwa. Hakutunga. "Siku ile aliponiambia, alilia kidogo. Halafu akaniuliza kama mbegu za choroko ninazo. Hakuligusa tena jambo lako mpaka anakwenda."

Stara aliitikia kwa kichwa. Alipanda gari. Edina aliposhuka Chimwaga alimshika mama yake mkono kupitia dirishani, akauachia gari lilipoanza kwenda.

*

Jumamosi iliyofuata Gaudence alirudi kutoka karakana mapema. Alijisugua mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga mpaka weusi ukabaki kwenye kucha tu. Akavaa shati lake la kwendea harusi za watu.

"Unakwenda wapi?" Stara alimuuliza.

"Si mafundisho ni leo?"

Waliongozana mpaka kigangoni. Kwenye benchi nje ya ofisi ya Padre walikuwako wanafunzi wa chuo waliokuja kuandikisha ndoa zao, wanacheka na simu zao. Gaudence alikaa mwisho wa benchi. Mmoja wa wanafunzi alimuuliza, "Mzee, umekuja kwa ajili ya binti?" Akajibu, "Nimekuja mwenyewe." Wakakwepesha macho.

Alikaa ndani muda mrefu. Stara alikuwa darasani, kwenye kiti chake kifupi, akisikia Katekista akieleza sakramenti kwa watoto na asishike hata moja. Gaudence alipotoka alimngoja kivulini, pale alipokuwa akisimama Dorothea.

"Amekuhoji?" Stara aliuliza.

"Hakunihoji. Nilikuwa nimejiandaa kuhojiwa." Alijikuna kidevu. "Amenipa kitubio cha rozari nzima, niisali kabla ya Pasaka. Nikaona aibu kumwambia nimeisahau. Inaanza vipi?"

"Inaanza na msalaba."

"Hapo nakumbuka. Baada ya hapo."

Alimfundisha njiani, taratibu, wakipita kwenye karakana zilizofungwa na mafundi waliokuwa wakimsalimia Gaudence na kushangaa shati lake. Alimrekebisha matendo ya rozari aliyoyachanganya. Alipokwama, alimnong'onezea, naye akayapokea maneno akaendelea.

*

Padre alikuwa na vigango vingi, kwa hiyo watu wazima wa kigango chao walibatizwa misa ya asubuhi, siku yenyewe ya Pasaka. Dorothea alimwazima kitenge cheupe. Edina alikuja na rafiki zake, wakapiga picha. Stara alijibu yote aliyoulizwa, kwa sauti iliyosikika. Alipoinama, Dorothea akamwekea mkono begani, na maji yakamwagwa: Stara Ana, nakubatiza. Yalikuwa ya baridi. Tone moja likaingia sikioni likakaa humo, na kwa muda wote uliofuata, alipopakwa krisma, alipoitwa yeye na Gaudence mbele ndoa yao ibarikiwe huku vijana wakipiga vigelegele kwa mzaha mzuri, alikuwa akilisikia lile tone.

Alikuwa amengojea kitu. Alikuwa amesikia watu wakisimulia, kwamba unatetemeka, kwamba unaona mwanga, kwamba mzigo unadondoka. Kwake hakukudondoka kitu. Alikomunika, akarudi kwenye benchi, akapiga magoti, akakaa humo ndani ya ukimya wake kama alivyokaa siku ile na beseni. Hakutaka kuondoka. Ni hilo tu.

"Unajisikiaje?" Dorothea alimuuliza nje, akimfuta maji shingoni.

"Sijui, dada."

"Si neno. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, hata kulia sikumbuki."

Nyumbani Edina na baba yake walipika. Wali ulishika chini, mchuzi wa kuku ukawa mwembamba, na majirani waliokuja walikula wakisifu. Stara alikaa nao na sahani tupu mapajani. Tangu Busi chakula kilikuwa kazi tu. Alikula kwa kuwa saa ya kula imefika. Watu walipoanza kupungua, simu ikaita. Hamidi. Alitoka nayo uwanjani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Arobaini ya mama tumeiweka Jumapili ijayo."

"Nilikuwa nataka kukuuliza."

Kule upande wa pili mbuzi alilia, mtu akamfukuza. "Ndiyo leo?" Hamidi aliuliza.

"Ndiyo leo. Tumemaliza asubuhi."

"Haya."

Stara alingoja. Alifikiri simu imekatika, akaitoa sikioni kuiangalia, ilikuwa bado inahesabu.

"Mama mdogo anauliza kama utakuja mapema," Hamidi alisema. "Ijumaa hivi. Watu watakuwa wengi na wapishi hawatoshi."

"Anataka nije kupika?"

"Kuchinja tutachinja wenyewe. Pilau upike wewe. Hawa wa huku wanaiharibu."

"Wataila, kaka? Wakijua nimeipika mimi?"

Hamidi alikohoa. Alikuwa mtu wa duka, aliyezoea kupima kabla ya kutoa, na sasa alichukua muda wake.

"Wengine sijui," alisema. "Mimi nitaila."

"Nitakuja Ijumaa."

"Njoo na yule binti. Na shemeji, kama ana nafasi."

Akakata. Stara alisimama kidogo uwanjani, simu mkononi. Ndani Gaudence alikuwa akikwangua sufuria na kumlaumu Edina kwa ukoko. Harufu ya wali ulioungua ilimfikia mlangoni, na tumbo lake likanguruma kwa nguvu hata akajishika. Akaingia, akachukua sahani yake, akasema, "Nipeni huo ukoko."

"Umeungua, mama," Edina alisema.

"Nipe. Nina njaa."